Gari Letu, Shoferi Wetu na Kifaa Kidogo Kama Kidole



Juma hili hatuandiki juu ya chanjo wala juu ya bei ya unga. Tunaandika juu ya gari letu, na juu ya kosa tulilolifanya kwa sababu ya gari hilo. Tulijadiliana kwanza kama tuandike ao tunyamaze. Wengine kati yetu walisema mambo ya nyumbani hayatoki nje. Lakini neno baya tulilisema mbele ya watu, na haifai kulifuta ndani ya chumba kilichofungwa. Tena, katika shida hiyo tulijifunza kitu kinachoweza kumsaidia kila mama mwenye gari, mwenye mume shoferi, ao mwenye kulipa fundi kwa pesa ya jasho lake.

Gari hilo tulilinunua kwa likelemba. Tuko wamama 26 hapa Katuba, na ilituchukua miaka 2 kukusanya pesa. Ni gari dogo la watu 7. Lilitoka Japani, likashuka bandarini Dar es Salaam, likapita Tanzania na Zambia, likaingia kwetu kwa Kasumbalesa. Si jipya, lakini ni letu. Linatuletea nyanya, vitunguu na makala kutoka upande wa Kipushi. Usiku linapeleka mama mjamzito maternite bila kumuuliza kwanza ana franka ngapi. Shoferi wetu ni baba mwenye mvi, mtu wa maneno machache, aliyeendesha malori tangu ujana wake.

Katika mwezi wa 8 baba huyo alikuja mkutanoni akasema: "Wamama, gari lina ugonjwa. Likipata moto linazima njiani. Nikingoja lipoe, linawaka tena." Alisema maneno hayo katika mikutano 3. Sekretere wetu aliyaandika katika daftari, na mpaka leo yako mule. Hakuna aliyeyatia moyoni.

Tulipeleka gari kwa fundi. Alifungua kapo, akasikiliza motere kidogo, akasema ni pompi ya esansi. Tukalipa dola 85. Gari likatembea siku 4, likazima. Fundi akasema ni buji. Tukalipa dola 30. Likazima tena. Akasema basi ni batri, imechoka. Tukalipa dola 70. Kila mara gari lilipofika pale kwake lilikuwa limekwisha kupoa, na kwa hiyo lilikuwa zima kabisa. Lilikuwa kama mtoto anayewaka homa usiku kucha, halafu asubuhi mbele ya muuguzi anacheka na kuomba mkate.

Kulikuwa na ishara nyingine tuliyoidharau. Kwenye tablo, mbele ya shoferi, taa ya motere iliwaka rangi ya machungwa. Fundi alichomoa waya wa batri, akaurudisha, na taa ikazimika. Tukafurahi, tukasema ugonjwa umekwisha. Baadaye tulikuja kuelewa kwamba siku ile alikuwa amefuta ushahidi wote uliokuwa ndani ya gari.

Hapo fikira zetu zikageuka kutoka kwa gari, zikamwendea mtu. Esansi ilikuwa inakwisha upesi kuliko zamani. Baba aliyekuwa anarudi kabla ya adhuhuri, sasa alirudi mchana umepita. Mama mmoja akasema amesikia kwamba anabeba abiria wake mwenyewe. Mwingine akasema amesikia anauza esansi kwa bidoni. Hakuna aliyekuwa ameona kwa macho. Lakini neno likirudiwa mara tatu sokoni, linakuwa kama kitu kilichoonekana.

Jumamosi moja tulimsimamisha mbele ya mkutano mzima, sisi wamama ambao baadhi yetu ni sawa na binti zake. Tulimuuliza pesa ya esansi inakwenda wapi. Akajibu: "Gari linazima. Ninakaa njiani nalingoja lipoe. Sikuuza hata tone moja." Tulimuuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi. Hakujibu. Aliweka ufunguo juu ya meza, akavaa kofia yake, akatoka. Tukachukua shoferi mwingine, kijana, na tukalala tukifikiri tumetengeneza gari.

Juma la pili la mwezi wa 10, mnajua namna jua la Lubumbashi linavyokuwa kabla ya mvua kuanza, wawili kati yetu tulipanda gari kwenda kuchukua nyanya. Kutoka Kipushi mpaka mjini ni kilometa 30 hivi. Tulipofika katikati ya njia motere ilikata mara moja, bila kukohoa, kama mtu aliyezima taa. Shoferi kijana aligeuza ufunguo mara nyingi. Motere ilizunguka, haikuwaka. Tulisukuma gari pembeni, tukakaa chini ya mti na nyanya zetu zikichemka ndani ya visanduku. Baada ya dakika 40 kijana akajaribu tena, na gari likawaka kama kwamba hakuna kilichotokea.

Tulitazamana. Tulipanda. Njia yote hatukusema neno, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa anasikia masikioni maneno ya yule baba: likipata moto linazima, nikingoja lipoe linawaka.

Jioni ile tulimwita kijana mmoja, mtoto wa dada ya mama mwenzetu, aliyesomea umeme wa magari. Tulimhadithia yote. Badala ya kufungua kapo alituuliza maswali, kama daktari mzuri. Linazima likiwa na moto ao likiwa baridi? Linazima kwa ghafula ao linapungua nguvu kwanza? Linakaa muda gani kabla ya kuwaka? Nani analiendesha kila siku, na yeye anasema nini? Swali hilo la mwisho tulilijibu huku tukitazama chini.

Kisha alileta skaneri, kifaa cha ukubwa wa simu, akakichomeka chini ya tablo. Alieleza kwamba gari la kisasa lina ordinateri yake, na ordinateri hiyo inaandika makosa kwa namba. Kwa sababu gari lilikuwa limezima njiani mchana ule, na hakuna aliyechomoa batri, namba ilikuwa bado mule: P0340. Ni shida katika njia ya kapteri ya arbri ya kame.

Mama wa sanduku letu akasema palepale: "Basi tununue hiyo kapteri." Kijana akacheka. "Hapana, mama. Namba haisemi nunua. Namba inasema tafuta hapa. Ni kama homa. Homa inakuambia mtoto anaumwa, haikuambii ni malaria. Kwanza unapima damu."

Tulimwomba atueleze kifaa hicho ni nini, na alieleza hivi. Ndani ya motere kuna fimbo kubwa ya chini, vilbrekini, inayosukumwa na pistoni na kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Juu kuna fimbo nyingine, arbri ya kame, yenye vinundu. Vinundu hivyo vinafungua supapi, yaani milango midogo inayoingiza hewa na kutoa moshi. Ya chini ikizunguka mara 2, ya juu inazunguka mara 1. Mmekwisha kuona wamama wawili wakitwanga matamba katika kinu kimoja? Mmoja anainua, mwingine anashusha, na sikio ndilo linaloshika zamu. Akikosea mmoja, mchi unagonga mchi. Ndivyo ilivyo ndani ya motere. Pistoni inafika juu mara 2 katika kila kazi: safari moja kwa kuwasha esansi, safari nyingine kwa kutoa moshi. Kapteri ya chini inaiambia ordinateri kwamba pistoni imefika juu. Kapteri ya juu inaiambia ni zamu ya nini. Ikinyamaza ile ya juu, ordinateri inafanya kazi kwa kukisia. Magari mengine yanaendelea kutembea lakini yanachelewa kuwaka. Mengine yanakosa nguvu na kunywa esansi nyingi. Letu lilikuwa linakunywa zaidi, na likipata moto linazima.

Hapo mama mmoja alishika kichwa. "Esansi," alisema. Hakumaliza.

Kesho yake asubuhi, motere ikiwa baridi, kijana alianza kazi mbele yetu. Kwanza alitazama kwa macho tu: waya umekatika? Umeungua? Umesuguana na chuma? Panya wameula? Alifungua kishikio cha waya kwa kubonyeza kilango chake, si kwa kuvuta waya, akaangalia kama kuna mafuta ao kutu ndani. Kulikuwa safi. Alipima waya kutoka kapteri mpaka ordinateri kwa kipimo cha umeme, akiutikisa huku anapima. Waya ulikuwa mzima. Alipima na kapteri ya chini, kwa sababu nayo inaweza kuzima gari namna ileile. Ilikuwa nzima.

Halafu alifungua bulo moja dogo kwa funguo ya 10, akazungusha kapteri polepole, akaitoa. Kifaa hicho ni kidogo kama kidole gumba, cheusi, chenye pete ya mpira. Tulipeana mkononi, hatukuamini. Alikipima. Kipimo kikaandika namba iliyo ndani ya mipaka ya motere yetu. Mama wa sanduku akasema: "Unaona? Ni kizima." Kijana akasema: "Kiko baridi, mama. Shoferi wenu alisema ugonjwa unakuja na moto. Tukipe moto."

Aliomba sufuria. Tulikuwa tunachemsha maji ya chai, tukampa. Alifunga kapteri ndani ya mfuko wa plastiki ili upande wa waya usiguse maji, akaitumbukiza, akaacha kipimo kimeungwa. Tulisimama wote kuzunguka sufuria ile kama watu wanaongoja mtoto azaliwe. Namba ilipanda kidogo kidogo, kama inavyopaswa waya ukipata moto. Baada ya dakika chache ikaruka, ikapotea. Kipimo hakikuona njia tena. Aliitoa kapteri, akaiacha juu ya jiwe ipoe. Namba ikarudi. Akarudisha kapteri ndani ya maji, namba ikapotea.

Ndani yake, alisema, kuna sumaku na waya mwembamba kama unywele uliozungushwa mara nyingi. Waya huo umekatika mahali fulani. Ukiwa baridi sehemu mbili zinagusana. Ukipata moto vitu vinapanuka na sehemu hizo zinaachana. Fundi wa kwanza angeweza kubadilisha gari lote, kipande kwa kipande, na asiguse kifaa hiki.

Kapteri mpya tulinunua kwa dola 25. Kijana alituonya tusichukue ya bei ndogo kabisa. Alitutuma tukiwa na ile ya zamani mkononi, tulinganishe namba iliyochapwa juu yake, umbo la mahali pa waya na urefu wa ncha. Kabla ya kuirudisha alifuta uchafu kuzunguka tundu ili usiingie ndani ya motere. Alipaka pete ya mpira tone la mafuta ya motere, akasukuma kapteri kwa mkono, bila nyundo, mpaka ikakaa. Bulo alilikaza bila kutumia nguvu nyingi, kwa sababu kichwa cha motere ni cha alumini na uzi wake unaharibika kwa urahisi. Alirudisha waya mpaka kilango kikalia. Mwisho alifuta namba kwa skaneri, akawasha gari, akasema: "Sasa hatufurahi bado. Twende nalo mpaka lipate moto." Alikwenda nalo Kipushi na kurudi katika jua la mchana, mara 2. Halikuzima. Kwa kazi yake aliomba dola 15.

Hesabu hiyo tuliiandika ubaoni. Kukisia kulitula dola 185, pamoja na visanduku vya nyanya zilizooza. Kupima, kununua na kufunga kulitula dola 40. Lakini kulikuwa na deni moja ambalo halikuingia ubaoni.

Jumapili, baada ya ibada, sita kati yetu tulikwenda nyumbani kwa yule baba. Tulibeba mshahara wake wa majuma aliyokaa bila kazi, unga, na ile kapteri ya zamani ndani ya kitambaa. Mke wake alitupokea kwa heshima, akatupa viti, na heshima hiyo ilitutesa kuliko kama angetufukuza. Alituambia kwamba watoto wake walikuwa wanaitwa mtaani "watoto wa mwizi wa esansi". Neno hilo lilitoka kwetu. Halikutoka mahali pengine.

Baba alichukua kapteri, akaigeuza mkononi. "Ni hii tu?" akauliza. Tukamwambia ni hiyo. Tulimwomba msamaha. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Wamama, msamaha nimeupokea. Lakini mlinisema mbele ya watu 26, na ninyi leo ni 6."

Hatukuwa na la kujibu. Jumamosi iliyofuata tulimwita mkutanoni, na mke wake, na watoto wake wakubwa. Mama prezidanti alisimama, akafungua daftari la mwezi wa 8, akasoma kwa sauti maneno yale: gari likipata moto linazima, likipoa linawaka. Akasema: "Baba alitupa ugonjwa na dalili zake. Sisi hatukumsikiliza, kisha tukamwita mwizi." Wale wawili waliosema wamesikia, walisimama wenyewe bila kuitwa majina. Baba aliinama kidogo, akachukua ufunguo.

Wamama, sisi tunajua uchungu wa kutosikilizwa. Nani kati yetu hakukaa usiku na mtoto, asubuhi akamweleza mtu wa koti jeupe kila kitu, na mtu huyo akaandika dawa bila kuinua macho? Tunarudi nyumbani tukisema: mimi ndiye ninayelala naye, kwa nini hakuniuliza? Yule baba ndiye aliyekuwa analala na gari letu. Tulimfanyia lile tunalolichukia.

Kwa hiyo tulikubaliana mambo haya, na tunawapa ninyi pia muyachukue yanayowafaa.

Gari likianza shida, shoferi aandike: lini, likiwa na moto ao baridi, dakika ngapi, taa gani iliwaka. Daftari dogo ndani ya gari linatosha.

Taa ya motere ikiwaka, mtu yeyote asichomoe batri ili izimike. Kwanza namba isomwe na kuandikwa.

Fundi akitaja kipande, tumuulize: "Umekipima namna gani? Tuonyeshe." Fundi mwenye kujua kazi hakasiriki kwa swali hilo.

Kipande cha zamani kinarudi kwetu, si kwa fundi, hata kama kimekufa.

Na mtu hasimamishwi mbele ya mkutano kwa neno la "nimesikia". Kama gari linastahili kupimwa kabla ya kuhukumiwa, mtu anastahili zaidi.

Kapteri ile iliyokufa iko ndani ya sanduku letu, pamoja na pesa na daftari. Mama wa sanduku anaiona kila mara anapofungua. Mama mmoja aliuliza mbona hatuitupi, na hakuna aliyemjibu, lakini imebaki pale.

Jumamosi ijayo, baada ya mkutano, kijana fundi na baba shoferi watakuja wote wawili kutuonyesha namna ya kufungua kapo, kuangalia mafuta, maji na waya, na kutumia kipimo cha umeme. Mwenye binti anayependa mambo hayo aje naye. Maji ya moto tutachemsha sisi.